Ua la Kiangazi

Jumatano

Soma Yeremia 17:5–8 na 1 Wafalme 17:7–16. Mti uliopandwa kando ya maji na mjane wa Sarepta wanafanana katika jambo gani?

Katika nchi kavu za Afrika Mashariki huota mshubiri mwitu. Mvua inaponyesha, majani yake manene huweka akiba ya maji. Jua linapowaka, vitundu vidogo vya majani hayo hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, hewa inapopoa, ili maji yasipotee. Kisha, nyasi zikiwa zimekauka, mishubiri mingi huchanua maua mekundu au ya rangi ya chungwa.

Ndani ya kila ua mna mbochi, yaani maji matamu ya ua. Hapo huja chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, ambaye barani Afrika hufanya kazi inayofanywa na ndege wavumaji kule Amerika. Akinywa, chavua humshika, naye huipeleka kwenye ua jingine. Hivyo ndege hupata chakula wakati wa ukame, na mshubiri hupata mbegu.

Wakazi wa Kipili, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Rukwa, wanajua pia kiangazi cha namna nyingine. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimamishwa ziwani ili samaki wapate kuzaliana. Kusudi lilikuwa jema. Lakini kwa nyumba inayoishi kwa dagaa na migebuka, miezi mitatu ni mirefu. Wakati kama huo ukarimu si somo la darasani tu. Mzazi hutazama sufuria, hutazama watoto, ndipo husikia hodi ya jirani.

Mjane wa Sarepta alisikia hodi ya namna hiyo. Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo. Hakuombwa ghala asilokuwa nalo. Aliombwa mkate mdogo, na ombi hilo lilikuja pamoja na ahadi ya Mungu. Unga ule ule ukamlisha nabii, mjane mwenyewe na nyumba yake.

Yeremia naye hasemi kwamba mti wa mwenye kumtumaini Bwana haufikiwi na joto. Joto huufikia kama linavyoifikia miti mingine. Tofauti iko kwenye mizizi.

Mshubiri huchanua kwa maji uliyoyapokea siku za mvua. Vivyo hivyo, sala na Neno vilivyopokelewa siku za neema ndivyo humwezesha mwamini kuwa na kitu cha kumpa mwenzake siku za uhaba. Na kanisa linalosubiri mapato yarudi ndipo lianze kumtembelea mgonjwa na kumkaribisha mgeni, litakuta mvua imefika nalo halina mbegu.

Maswali ya kujadili

1. Nyumba isiyo na fedha inaweza kumpa jirani nini? Taja mambo matatu.

2. Tunawezaje kufundisha utoaji bila kumtwika maskini mzigo wa hatia?

3. Chozi huja kupokea, na katika kupokea hutumika. Kwa nini waumini wengine huona haya kupokea msaada? Kundi lenu lifanye nini juma hili ili kuwaondolea haya hiyo?