Akaunti Mpya na Deni la Zamani

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kutoka Tanga mpaka Kilwa, na visiwani vile vile, yuko kijana aliyekwenda bara kwenye dhahabu. Yuko Geita, au yuko Kakola upande wa Kahama, mkoani Shinyanga, na khabari zake huja kwa simu. Siku moja huja khabari ya namna hii: "Mama, nenda kasajili laini mpya kwa jina lako, uniombee mkopo kidogo. Nitalipa mwenyewe. Mimi nikiomba siku hizi wananikatalia." Mama huona huruma. Mtoto ni wake, jina ni lake, na laini mpya haina gharama ya maana. Basi ubaya uko wapi?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Kabla ya kumjibu mama huyu yafaa tujue kwanza kijana amefikaje hapo, kwani si kila anayekataliwa ni mwizi.

Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa au Nyarugusu hana mshahara wa mwezi. Duara huchimbwa kwa wiki nyingi, pengine miezi, na muda wote huo wachimbaji lazima wale, magogo ya kushikilia kuta yanunuliwe, na pampu ya kutoa maji itiwe mafuta. Dhahabu haijulikani itatoka lini, wala kama itatoka. Mawe yakishapanda hupelekwa karasha yakasagwa, kisha huoshwa, ndipo pesa ionekane. Ama mkopo wa simu haungoji mawe. Siku zake ni chache na ada yake imekwisha hesabiwa. Basi siku ya kulipa ikifika, na duara halijatoa kitu, kijana hufungua laini ya kampuni nyingine akakopa huko ili alipe huku. Mwezi wa pili akafungua ya tatu. Ukimwuliza atakwambia hana deni kubwa, ana vijideni vitatu tu. Kwa kweli ana deni lile lile moja, nalo limenenepa. (Juu ya riba iliyomo katika mikopo hii hatusemi kitu hapa. Hukumu yake msomaji anaijua, na aliyeingia humo ana la kutubia kabla ya haya yote.)

Sasa kwa nini anakataliwa? Serikali ilipozitaifisha benki Februari 1967, mtu wa kawaida alikuwa na Benki ya Taifa ya Biashara, na karani wa tawi lake alimjua kwa sura. Sheria ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa benki za watu binafsi, mwaka 1997 benki ile kubwa ikagawanywa, na mwaka 2008 pesa za simu zikaingia. Wakopeshaji wakawa wengi, na mtu akaweza kukopa kwa watano bila hata mmoja kujua khabari za wengine. Kwa ajili hiyo Benki Kuu ilitoa kanuni mwaka 2012, zikaundwa taasisi za kuweka taarifa za wakopaji. Benki hupeleka huko majina ya wadaiwa na jinsi wanavyolipa, na kabla ya kutoa mkopo mpya huuliza. Mikopo mingi ya simu, ingawa inapita katika laini, nyuma yake iko benki. Hivyo vijideni vitatu vya kijana wetu vimelala katika ukurasa mmoja.

Wako watu wanaoogopa kupita kiasi. Husema kwamba kufungua akaunti yoyote mpya kunamharibia mtu jina lake. Si kweli. Akaunti ya kuweka akiba si deni, na mtu hahesabiwi ubaya kwa kuweka pesa zake mahali pawili. Kinachotazamwa ni milango ya kukopea: mtu ameomba wapi, mara ngapi, na kwa muda gani. Akiomba mahali patano katika mwezi mmoja, anayesoma daftari huona mtu anayekimbizwa na jambo. Tena mkopo mpya hauna historia, haujaonyesha bado kama mwenyewe hulipa au halipi. Hata Marekani, ambako tangu mwaka 1989 watu hupewa alama za FICO kutoka 300 mpaka 850, mikopo mipya na maombi yake huchukua kiasi cha sehemu moja katika kumi tu, na kulipa kwa wakati huchukua zaidi ya theluthi. Mlango mpya peke yake haumwangushi mtu. Humwangusha ukifunguliwa kwa sababu ule wa zamani umeshindwa kufungwa.

Na hapa ndipo jambo hili linapotoka kwenye hesabu likaingia kwenye tabia. Wanavyuoni wetu wa fiqhi husema deni liko katika dhima ya mtu. Haliko katika mfuko wake, wala katika duka lake, wala katika karatasi. Liko shingoni mwake yeye, na hufuatana naye mpaka kaburini. Laini mpya haina shingo mpya. Jambo la ajabu ni kwamba serikali nayo, kwa njia yake, imefika karibu na maneno hayo. Kuanzia Mei 2019 laini zilisajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na muda uliowekwa ukaisha Januari 2020. Kabla ya hapo mtu aliweza kuwa na majina matatu katika simu tatu. Siku hizi kidole ni kile kile.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwalaumu vijana peke yao. Daftari hili halijui nia. Haliwezi kumtofautisha aliyekopa kwa sababu mkewe yuko hospitali na aliyekopa kwa kucheza kamari. Tena halimjui kabisa yule muungwana ambaye hakukopa benki maisha yake yote, lakini muuza unga wa pale machimboni humpa gunia zima kwa neno lake tu, kwa kuwa miaka kumi hakuwahi kumdanganya. Wazee wetu waliokwenda Unyanyembe zamani walikwenda kwa uaminifu wa namna hiyo. Taria Topan wa Unguja alimkopesha Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mali nyingi ya safari ambayo matunda yake yangeonekana baada ya miaka, kwa kuwa alimjua. Biashara ile ilikuwa na dhuluma zake kubwa, wala hatuisifu. Tunachosema ni kwamba mkopeshaji alikuwa na mtu mbele yake, hakuwa na namba.

Na wakopeshaji wa leo nao wana lao. Ile mikopo ambayo watu wameiita "kausha damu" haikuletwa na wachimbaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Malalamiko yaliyosikika sana juu ya mikopo ya namna hiyo ni kwamba mdaiwa akichelewa, wakopeshaji huwapigia simu jamaa na majirani zake wamwaibishe. Qur'ani, katika aya ya 280 ya Suratul Baqara, imeagiza kuwa mdaiwa aliye katika dhiki angojwe mpaka apate nafasi. Anayempa maskini pesa kwa dakika mbili bila ya kumwuliza atalipa kwa nini, kisha akamvua nguo mbele ya watu siku ya saba, ameitupa amri hiyo.

Sasa turudi kwa mama na simu yake mkononi.

Mtu kumdhamini mwingine ni jambo jema. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa maiti aliyeacha deni la dinari chache, akajizuia kumsalia, mpaka Abu Qatada akasema deni lile liko juu yake; ndipo akamsalia. Tazama alivyofanya Abu Qatada. Alisema mbele ya watu, kila mmoja akijua nani alikopa na nani amebeba. Mama anayefungua laini kwa jina lake ili mwanawe akopee, amefanya kinyume. Mkopeshaji anaambiwa kwamba mkopaji ni bibi mmoja wa Pangani asiye na deni, kumbe mkopaji ni kijana aliyeko shimoni Geita mwenye madeni matatu. Huko ni kumficha mtu jambo ambalo angalilijua asingalitoa mali yake. Duara lisipotoa, anayeandikwa kwa ubaya ni mama, na siku atakapotaka chake mwenyewe, hata kwa hizi benki zetu zisizotoza riba, ambazo nazo ziko chini ya kanuni zile zile, atakuta mlango umefungwa.

Kama ana pesa, ampe. Kijana mwenye njaa hupelekewa chakula. Kama anataka kumbeba, ajiandikishe mdhamini waziwazi. Na kijana naye awaendee wanaomdai, awaombe muda, aombe aone taarifa yake iliyoandikwa huko, kwani ni haki yake, na akiona kosa adai lisahihishwe. Dhahabu yake aiuze katika soko la madini, kama lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019, ili abaki na karatasi za mauzo. Hizo benki huzielewa kuliko maelezo yake yote. Laini moja ya zamani inamtosha.

Iko nyumba ambayo jambo limekwisha tendeka, laini imesajiliwa, na pesa zimekwisha kwenda bara. Hapo deni ni la mama mbele ya mkopeshaji, na la kijana mbele ya mama. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo imeagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo, wala haikumtoa mama na mwanawe. Basi na waandike, hata kama watu watamshangaa mama huyo kumtaka mwanawe sahihi.