Mwenye Shaka, Je, Ana Ruhusa ya Kunyamaza?

Wengi wetu theluji twaijua kwa kuitazama kwa mbali tu, juu ya Kibo, ikimetameta asubuhi. Walakini katika nchi za baridi wako watu waipandao milima ya theluji, mbali na barabara na vijiji, ili washuke wakiteleza kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Kila mwaka wengine wao hufukiwa na maporomoko ya theluji na kufa. Habari zao zatuletea swali lisilo la milimani tu: mtu mwenye shaka moyoni, akiwa kati ya watu wamzidio kwa ujuzi, je, ana ruhusa ya kunyamaza?

Kwanza tufahamu hatari yenyewe. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Pengine tabaka moja huwa dhaifu, chembe zake hazishikamani, kisha theluji mpya iliyo nzito huja juu yake. Ni kama bamba la jiwe lililowekwa juu ya punje za ulezi penye mteremko. Latulia, hata apite mtu. Uzito wake wavunja lile tabaka la chini, na upande mzima wa mlima waporomoka. Hatari ni kubwa hasa penye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, nayo ndiyo ipendwayo na watelezao. Tena imeonekana kwamba katika ajali ziuazo, kiasi cha 9 kati ya 10, aliyeamsha maporomoko ni yule aliyekufa au mwenziwe. Basi tusiulaumu mlima.

Tarehe 19 Februari 2012, watu 16 walikusanyika juu ya mlima Cowboy, karibu na Stevens Pass, katika jimbo la Washington, Marekani, ili washuke Tunnel Creek. Hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa mabingwa, na onyo la hatari lilikuwa limekwisha tolewa. Walishuka, theluji ikakatika, watu 3 wakafa. Mwaka ule ule gazeti la New York Times lilieleza mambo hayo kwa urefu, na baadhi ya waliosalia walisimulia ya kuwa walikuwa na wasiwasi tangu juu, maana kundi lilikuwa kubwa mno. Lakini waliwatazama wenzao wajuzi, wakanyamaza. Na wale wajuzi nao, labda walitulizwa na kimya cha wenzao.

Ian McCammon, aliyechunguza ajali 715 za Marekani na kutoa maelezo yake mwaka 2004, alionyesha kwamba kuijua hatari hakutoshi. Watu waliofunzwa pia walinaswa na mazoea ya mahali, na kumfuata aonekanaye bingwa, na kutaka kukubaliwa na wenzao.

Mtu atasema, Mdogo asimkatize mkubwa. Kweli, nami sipendi kijana abishaye kila neno. Lakini heshima hutufundisha jinsi ya kusema, haituamuru kunyamaza. Mtoto aonaye nyoka karibu na mguu wa babaye hangoji ruhusa.

Mwingine atasema, Mzee huyu amepita hapa mara ishirini. Hapa ndipo penye fumbo. Mteremko usiokatika haukutoa ushahidi wa kuwa ni salama. Pengine alipita hatua mbili tu kutoka mahali padhaifu, akarudi nyumbani akiisifu hekima yake. Mlima haukumwambia. Hivyo mazoea yaweza kumfundisha mtu uongo kwa miaka mingi, na mgeni mwenye hofu akaona lililofichika kwa mwenyeji.

Tena, shaka ikiwa si kitu, hasara yake ni furaha ya siku moja. Ikiwa ya kweli, aliyefukiwa hana muda: zikipita kama dakika 15 za kwanza, tumaini la kumtoa hai hupungua upesi sana. Wa kumfikia ni wale walio pamoja naye, wenye koleo, fito ndefu za kuchomea theluji, na kile chombo kidogo cha redio kipokeacho ishara yake. Aliyenyamaza ndiye atakayechimba.

Kwa sababu hiyo wako wapanda milima wapatanao kabla ya kuondoka. Hukagua vyombo vya kila mmoja, huahidiana kupita penye hatari mmoja mmoja huku wengine wakitazama kutoka mahali salama, na huwauliza wote, hata aliye mgeni kabisa. Akisema hapana mmoja tu, hatakiwi kuleta ushahidi, wote hugeuka.