Wakati Haukai Katika Kitenzi Peke Yake

Mwaka 1969 John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya, alitoa kitabu kilichozua mjadala usiokwisha. Alidai kuwa Mwafrika wa jadi anaishi kati ya Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haumo katika fikra zake. Sehemu ya ushahidi wake ilikuwa vitenzi: alichambua njeo za Kikamba, asione iliyofika mbali mbele.

Kichina kinalitia dai hilo kwenye mtihani. Kitenzi chake hakina njeo. Qù ni kwenda, iwe jana au kesho. Hata le, ambayo wanaoanza huidhania kuwa -li-, haisemi kwamba jambo limepita, inasema limekamilika. Wǒ chī le fàn jiù qù ni “nikishakula nakwenda”, na chakula huenda bado kiko jikoni. Kama kitenzi ndicho kipimo cha fikra, Wachina wasingekuwa na zamani. Lakini Sima Qian aliandika Shiji, historia kubwa ya nchi yake, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Zamani yao imekaa wapi, basi? Kwa sehemu, katika maneno yanayounganisha tukio na tukio.

Tumchukue mwanafunzi wa Kichina wa Lizaboni, kata ya Manispaa ya Songea, anayetaka kusimulia Vita vya Majimaji, ambavyo watu walipigana na Wajerumani wakiamini kuwa maji ya dawa yatawakinga na risasi. Mji wake una jina la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, na kila Februari 27 hukumbukwa mashujaa wa vita hivyo walionyongwa hapo mwaka 1906. Kwa Kiswahili -ka- inambeba: wakanywa maji, wakaenda vitani, wakafa. Kwa Kichina atasema: Tāmen xiān hē le shuǐ, ránhòu qù dǎzhàng, hòulái hěn duō rén sǐ le. Xiān inatangulia, ránhòu inafuata. Ránhòu hupanga hata mambo ya kesho. Hòulái, “baadaye”, ni ya yaliyopita tu.

Kazi ngumu ni sababu. Akitumia yīnwèi… suǒyǐ (“kwa sababu… ndiyo maana”), maji ndiyo yamewaua. Akitumia suīrán… dànshì (“ingawa… lakini”), walikunywa maji, ila hayakuwakinga. Matukio yale yale, hukumu mbili. Na -ka-, pamoja na uzuri wake wote, humwachia msimulizi nafasi ya kuikwepa hukumu. Wengi katika vita vile hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma vijiji na mazao kwa makusudi. Anayeruka kutoka maji hadi mauti bila kulitaja hilo amepotosha habari, ingawa kila kitenzi chake ni cha kweli.

Mbiti aliuliza swali kubwa, na anastahili heshima kwa kuliuliza kwa maneno ya Kiswahili. Ila alichungulia mahali padogo mno. Anayetaka kujua watu wanauelewaje wakati awasikilize wakisimulia habari nzima, na aanze na wazee wa Songea wangali hai.