Swali la Pili

Mwanzoni mwa By the Sea, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2001, mzee wa Kizanzibari anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na pasi yenye jina lisilo lake. Jina lake la kweli ni Saleh Omar. Kashauriwa ajifanye hajui Kiingereza, basi anakaa kimya huku ofisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, akimpekua. Ndani ya begi lake dogo mna kisanduku cha udi. Ofisa anakifungua, ananusa, anaupenda, na mwisho wa yote anabaki nacho. Hampigi mtu. Hapazi sauti. Ana adabu zake, na katikati ya maneno anataja kwamba hata wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi, kutoka Romania.

Wasomaji wengi wa riwaya hii hukasirishwa na ule udi. Ni haki yao, wizi ni wizi. Mimi kinachonisumbua ni kwamba Edelman hajioni kuwa anatenda ubaya wowote. Kwake ile ni siku ya kazi kama jana na juzi, na jioni atarudi nyumbani akale na familia yake. Ndivyo haki za watu zinavyovunjwa mara nyingi: kwa utaratibu, mchana, na mtu ambaye ukikutana naye dukani utamsalimia.

Gurnah alipopewa Nobel Oktoba 2021, sote tuliruka kwa furaha. Kamati ilitaja wazi jinsi alivyoandika maisha ya mkimbizi. Mitandaoni tukabishana wee: ni wetu, si wetu, mbona haandiki Kiswahili. Katika kelele zote hizo sikusoma popote mtu akiutaja Mto Ruvuma, nami nadhani ulistahili kutajwa, kwa sababu mwaka ule ule, miezi michache nyuma, tulikuwa na akina Saleh Omar wetu kwa maelfu.

Tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliuvamia mji wa Palma, Cabo Delgado, kusini kidogo ya maingilio ya Ruvuma. Watu walikimbia kwa mashua, kwa miguu, kupitia mikokoni na msituni. Wengine walivuka mto kuja upande wetu, Mtwara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikuja kuwakuta wengi wao mahali pasipotarajiwa: Negomano, ng'ambo ya Daraja la Umoja, Msumbiji tena, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka baharini. Walisimulia kwamba baada ya kuvuka walikamatwa, wakapelekwa kijijini, wakahojiwa katika jengo la shule. Aliyeshindwa kuthibitisha kuwa ni Mtanzania aliwekwa pembeni, kisha akapandishwa gari na kurudishwa. Familia nyingine zilitenganishwa. Kufikia katikati ya mwaka, hesabu ya waliorudishwa tangu Januari iliyotajwa na UNHCR ilizidi watu 9,600.

Hebu tusimame kidogo hapo shuleni. Wewe ni Mtanzania? Thibitisha. Ni swali halali kabisa, linaulizwa kila siku kwenye ofisi ya kata na kwenye laini ya simu. Ubaya wake ni kwamba lilikuwa swali la kwanza na la mwisho. Swali la pili, unakimbia nini, halikupata nafasi ya kubadilisha lolote. Mtu aliyetoka kuona nyumba yake ikiungua alipimwa kwa karatasi, akapungua, akapakiwa. Sheria ya kimataifa ya wakimbizi, ukiivua suti na tai, inadai swali hilo la pili tu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza kumzuia mtu mpakani au kumrudisha mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Wakimbiao hawajaambiwa waje na vyeti vya kuzaliwa.

Nikishaliona hilo kwenye mto, naanza kuliona kila mahali. Mtu kachomwa kisu, kafikishwa zahanati, neno la kwanza: PF3 iko wapi? Binti wa kazi kakimbia nyumba ya watu usiku, jirani anauliza: umeaga? Kijana kalala mahabusu siku nne, mama yake anaambiwa asubiri, mpelelezi kasafiri. Kila mmoja hapo ana swali lake la kwanza, lenye mantiki, pengine lenye sheria nyuma yake. Sisi wa pembeni tunasema ndiyo utaratibu, tunaendelea na safari. Ningependekeza kipimo kidogo cha kutambua jambo limeharibika: anaulizwa ana nini mkononi kabla ya kuulizwa kimempata nini.

Na lile swali la uraia, katika pembe ile ya nchi, lina kichekesho chake kichungu. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, kipande cha ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma, wakakiunganisha na koloni lao. Mwaka 1916 Wareno wakakirudisha kwa bunduki, na baada ya vita mkataba wa Versailles ukawaachia. Laiti mambo yangekwenda vingine, mtu wa Kionga leo angekuwa Mtanzania wa Mtwara, na njia ya kutoka Palma kuja kwetu isingekatizwa na mto. Watu wa kingo zile mbili wanaoana, wanazikana, wanauziana samaki. Mpaka upo, sibishi. Ila aliyeuchora hakuwauliza, na wao hawakungoja ruhusa yake ili wawe ndugu.

Halafu kuna wazazi wa Edelman. Baada ya mauaji ya Mueda, Juni 1960, na zaidi baada ya vita vya ukombozi kuanza Septemba 1964, maelfu kwa maelfu walivuka Ruvuma kuja kaskazini. Wako waliotulizwa Rutamba, Lindi. Wako waliopokelewa tu majumbani, kwa shangazi, kwa mtani. Hata kabla ya hapo Wamakonde wa Msumbiji walikuja kukata mkonge, nasi tukawaita Wamawia, jina lenye dharau ndani yake, kwa hiyo tusijipambe sana. Lakini tuliwapokea. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Mtwara imejaa wajukuu wa watu waliovuka. Haishangazi hata kidogo kufikiri kwamba baadhi ya waliosimamia maswali pale shuleni bibi zao walivuka mto huo huo. Riwaya ilishatuonya: kuwa na bibi mkimbizi hakumfundishi mtu kitu, kama hajatokea wa kumkumbusha saa ile anaposhika kalamu.

Sasa, wapo watakaoniambia ni rahisi kuandika hivi ukiwa mbali na mto. Kitaya ilishambuliwa Oktoba 2020. Kijiji chetu, upande wetu. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Baada ya hapo mtu wa Kitaya akiona mashua ngeni anaogopa, na hofu yake siwezi kuiita chuki. Serikali isiyolinda wanakijiji wale nayo ingekuwa imevunja haki, tena ya kwanza kabisa. Kwa hiyo wapekuliwe, wahojiwe, vijana wachunguzwe kwa makini zaidi, wawekwe kambini mbali na mpaka hadi mambo yaeleweke. Yote hayo nayakubali.

Lakini angalia lile swali linavyofanya kazi. Inajulikana wazi kwamba miongoni mwa wapiganaji wa Cabo Delgado wamo Watanzania. Mpiganaji mwenye kitambulisho cha NIDA angefaulu mtihani wa shuleni. Bibi wa Palma mwenye wajukuu watatu angefeli. Ulinzi wa namna hiyo unalinda nini? Mtu anayeogopa kwa akili angetaka hasa lile swali la pili, kwa sababu ndilo linalomfanya mtu asimulie: umetoka wapi, nani alikuwa na nani, uliona nini njiani. La kwanza ni jepesi tu, linamaliza foleni.

Na je, mtu wa kawaida angefanya nini? Simdai mwenye genge au dereva wa lori apambane na askari. Wanaodai hivyo huwa hawapo siku ya tukio. Ila mnyororo ule ulikuwa mrefu. Kulikuwa na mwenye mashua, balozi wa nyumba kumi, mwalimu mwenye funguo za darasa, karani, dereva, mama wa chakula. Karibu kila pete ya mnyororo ilikuwa na nafasi ya kitu kidogo kisicho ushujaa: kuandika jina la mtoto na la mama yake kwenye karatasi moja ili wasipotezane, kumwambia mkubwa "mzee, huyu anasema kaacha watoto msituni, tumsikilize kwanza", kumpigia mtu wa shirika la wakimbizi, kukataa tu kutumia neno "haramu" kwa mtu aliyelowa mpaka kiunoni. Vitu hivi havisimamishi gari. Vinamlazimisha anayeliondoa ajue amebeba nani.

Kevin Edelman walau alikuwa na kisingizio. Mzee aliyekuwa mbele yake alijifanya hajui Kiingereza, na ofisa hakuwa na neno hata moja la lugha ya mzee. Palma watu wanaongea Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Pale shuleni hakukuhitajika mkalimani.