Mwalimu wa Mabinti wa Mbio

Asubuhi hii fikira zangu zimeelekea Nashville, nchini Marekani, alikoishi marhumu Ed Temple, aliyefariki dunia Septemba 2016 akiwa na umri wa miaka 89, baada ya kuwafunza mbio mabinti wa Chuo Kikuu cha Tennessee State tangu mwaka 1953 hata 1994.

Zama zile za ubaguzi, ambapo mtu mweusi alinyimwa chakula katika mikahawa ya njiani na hata ruhusa ya kuingia msalani, Temple aliwapakia vijana wake garini, chakula wamekifunga tangu nyumbani, wakasafiri masafa marefu kwenda mashindanoni. Na uwanja wao wa mazoezi, ambao haukutimia hata duara, aliupiga mistari kwa mkono wake mwenyewe. Wakati wa kiangazi aliwaita wasichana wa sekondari, na miongoni mwao alikuwamo Wilma Rudolph, ambaye utotoni maradhi ya polio yalimdhoofisha mguu hata akafungwa vyuma, naye katika Olimpiki ya mwaka 1960, mjini Roma, akatwaa medali 3 za dhahabu.

Lakini lililo azizi zaidi moyoni mwangu ni kwamba, katika wanariadha 40 aliowafikisha Olimpiki, 39 walihitimu chuo, kwani kwake elimu ilitangulia, mbio zikafuata. Nashukuru kwamba mwaka 2015 watu wa Nashville walimsimamishia sanamu alipokuwa bado hai.