Onyo Si Haki

Mzazi anayeamua kuzungumza na mtoto wake kuhusu ubakaji kwa kawaida huanza na makatazo. Usipite kichochoroni giza likiingia. Usipokee zawadi ya mtu usiyemjua. Usivae hivyo. Makatazo haya yanatokana na upendo, na sidhani yupo mzazi asiyewahi kuyatamka. Lakini kila katazo hubeba neno la pili lisilotamkwa, ambalo mtoto hulisikia vizuri kuliko la kwanza: ukikatazwa ukapita, litakalokupata ni lako. Siku akidhuriwa, mtoto huyo hajioni kuwa amedhulumiwa. Anajiona mchuma janga, na mchuma janga hana uso wa kwenda kuwaeleza wazazi. Onyo tulilodhani litamlinda limemfunga mdomo.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja hivi kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto wengi namna hiyo hawawezi kuwa wakaidi tu. Tena wanaowadhuru mara nyingi ni watu wanaofahamika: jirani, ndugu, mpenzi, mwalimu. Katazo la mgeni wa kichochoroni halimgusi mjomba aliyeketi sebuleni.

Naona kosa letu ni la kifikra kabla halijawa la malezi. Tunachanganya hatari na dhuluma. Mto ukifurika ukamchukua mtoto, tunalia, lakini hatuna wa kumshtaki, maana mto haukuamua lolote. Mbakaji ameamua. Amemwona mtu mbele yake, akaona kwamba ridhaa ya mtu huyo haina uzito wowote. Ubaya wa tendo lake hauishii kwenye maumivu. Umo pia katika anachokitangaza kwa tendo hilo, kwamba wewe si mtu wa kuulizwa. Tukimfundisha mtoto kujihadhari na kubakwa kama anavyojihadhari na mafuriko, tunamfuta mtendaji. Wanaobaki ni mtoto na uzembe wake.

Mwezi Juni 2013, huko Busia, magharibi mwa Kenya, msichana wa miaka 16 alikuwa akirejea kutoka kwenye mazishi ya babu yake. Kundi la vijana lilimbaka, kisha likamtupa kwenye shimo la choo, naye akaumia uti wa mgongo. Hakukaidi chochote. Alitoka kumzika babu yake, jambo ambalo yeyote kati yetu angemtaka mwanawe alifanye. Wanakijiji waliwakamata watatu wakawafikisha kwa polisi. Polisi wakawaamuru wafyeke nyasi, halafu wakawaachia waende zao.

Adhabu husema. Huitangazia jamii uzito wa kilichoharibiwa, na nyasi zile zilitangaza kwamba mwili na uhai wa msichana yule vilikuwa na uzito wa kibarua cha asubuhi moja. Alidhulumiwa mara ya pili, safari hii na wenye sare, watu ambao tunawafundisha watoto wawakimbilie. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini kudai haki yake, na mwaka 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja.

Je, mtoto asimuliwe habari kama hizi? Wapo wanaokataa, na hoja yao naiheshimu. Wanasema mtoto anahitaji kuamini kwamba dunia ina wakubwa wanaotenda haki, na ukimvunjia imani hiyo mapema huna cha kumpa badala yake. Kwa mtoto wa miaka 5 nakubaliana nao. Huyo inatosha ajue majina ya viungo vyake vyote, na ajue kwamba hakuna siri ya mwili anayopaswa kumtunzia mtu mzima. Lakini mtoto wa miaka 12 au 13 tukimwambia kwamba mahakama haikosei, tunamtegea mtego. Siku faili likipotea na mtuhumiwa akarudi mtaani anapiga miluzi, mtoto atapiga hesabu nyepesi: mahakama haikosei, mahakama imesema hakuna kosa, basi mimi sikukosewa. Anapaswa kujua mapema kwamba dhuluma ni dhuluma tangu dakika ilipotendwa. Hukumu yaweza kuitambua au kuipita bila kuiona, lakini si hukumu inayoifanya iwe dhuluma.

Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, ameeleza dhuluma inayompata mtu katika nafasi yake ya kujua na kushuhudia: neno lake hupunguzwa uzito kwa sababu tu ya yeye ni nani. Kenya iliwahi kuiandika dhuluma hiyo ndani ya sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyopiganiwa bungeni na Njoki Ndung'u, ilipita ikiwa na kifungu cha 38, kilichosema kwamba anayetoa tuhuma ya uongo ataadhibiwa sawasawa na adhabu ya kosa alilolidai. Hakuna anayetetea uongo. Lakini mfikirie msichana asiye na shahidi wala wakili, anayeambiwa mlangoni kwamba asipoaminiwa atafungwa yeye. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua, katika kesi iliyojulikana kama ya wasichana 160, kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao haraka na ipasavyo. Hukumu hiyo ndiyo ningependa kila msichana aisimuliwe, kwa sababu walioshtakiwa mle hawakuwa wabakaji. Walikuwa wale waliosikia wakakaa kimya.

Meru hiyohiyo ina kumbukumbu nyingine, nayo inawahusu watoto wetu wa kiume. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya bweni ya St. Kizito, wavulana walivamia bweni la wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Baadaye magazeti yalimnukuu mmoja wa viongozi wa shule akisema kwamba wavulana hawakukusudia ubaya, walitaka kubaka tu. Katika kauli hiyo kubaka kumewekwa nje ya ubaya kabisa, kama desturi ya wavulana iliyovuka mpaka kwa bahati mbaya. Wavulana wale walikuwa na wazazi. Bila shaka wengi walikwishaambiwa wasiibe na wasitukane wakubwa, na dada zao walikwishaambiwa wasitembee usiku. Ni nani aliyemkalisha chini mmoja wao akamwambia kwamba msichana akisema hapana, hapana hiyo inamfunga yeye mvulana? Tena mvulana naye anaweza kudhuriwa, na yule aliyelelewa aamini kwamba mwanamume halii atakaa na siri hiyo mpaka uzeeni.

Basi mzazi aahidi nini? Wengi husema: mwanangu, nitakuamini. Ni ahadi njema, ila imani haiji kwa kuamriwa, na huenda siku hiyo moyo wa mzazi ukakataa kusadiki alichokisikia. Kinachoahidika ni mwenendo. Sitakuuliza kwanza ulikuwa umevaa nini. Nitakupeleka hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Sitakubali wazee wakae wayamalize kwa mbuzi na noti huku wewe ukitazama.

Ahadi hii ya mwisho ina gharama, na gharama yake ijulikane kabla ya mtoto kuitwa kuzungumza. Atakayetajwa huenda ni kaka wa mama, au baba mdogo anayelipa ada za nyumba nzima, au shehe au mchungaji aliyewafungisha ndoa. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza ni ya mume na mke, au ya mama na bibi ikiwa ndio wanaolea, watoto wakiwa wamelala: akimtaja ndugu yako tutafanya nini, na akimtaja wangu?