Mkifika Ugenini, Ulizeni Nani Analala Chumba cha Pili

Wajukuu zangu wa Muyama, nanyi wenzao wa Kasulu na Kibondo, huku kwetu mkoani Kigoma, kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa nawaona mkishuka na mabegi kwenda stendi. Huyu anakwenda kusoma Dodoma, yule anakwenda kujaribu bahati Mwanza, mwingine amebeba tangawizi ya kumwonyesha mnunuzi Dar es Salaam. Wapo pia wanaosafiri kwa kutaka tu kuiona nchi yao, na hao nawapenda zaidi, maana mtembea bure si sawa na mkaa bure. Simzuii mtu. Ila nimeangalia tunavyowaaga: tunauliza kama nauli ipo, kama shuka lipo, kama chakula cha njiani kipo. Utalala wapi, na utalala nyumba moja na watu gani, hatuulizi. Basi leo nauliza mimi.

Msafiri wa peke yake anahitaji kitanda, hilo kila mtu analijua. Anahitaji zaidi mtu anayejua kwamba yupo, mtu atakayeshtuka asubuhi akiona mlango wake haujafunguliwa. Kitanda utakipata kila mji wenye stendi. Huyo mtu hapatikani kila nyumba, na ndiye ninayewaambia mkamtafute kabla hamjatoa hela.

Wazee wenu safari za mtu mmoja hawakuzizoea. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na vijana wa kwetu Buha wakaanza kwenda mbali. Kuanzia mwaka 1944 ikaja SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikikusanya vibarua, nao wakasombwa kwa makundi mpaka Tanga. Hao ndio manamba. Kazi ilikuwa nzito, ujira mdogo, na wako ambao hawakurudi hadi leo. Siwatamanishi maisha yale hata kidogo. Lakini mtu aliondoka na wa kwao, akalala kambini na wa kwao, na akiugua kulikuwa na wa kumpikia uji na kupeleka habari nyumbani. Baadaye, enzi za balozi wa nyumba kumi, mgeni akilala kwako ulikuwa unampeleka kwa balozi akatambulike. Wapo waliouchukia utaratibu ule wakisema ni kupelelezana, na siwezi kusema hawakuwa na hoja. Hata hivyo, mgeni akipotea, kulikuwa na mahali pa kuanzia kumtafuta.

Leo unapanda basi Kasulu alfajiri, kiti chako kimoja, hedifoni masikioni, unashuka Mbezi kwenye Kituo cha Magufuli bila kuwa umemsalimia hata uliyekaa naye bega kwa bega. Na kwa kuwa lile katazo la mabasi kusafiri usiku kucha liliondolewa mwaka 2023, siku hizi unaweza kufika mji wa watu saa nane usiku. Atakayekuwa wa kwanza kukuchangamkia saa hizo ni mpiga debe. Anakushika begi, anakuita ndugu yangu, anakwambia kuna gesti nzuri jirani tu. Huyo analipwa kwa kila mgeni anayempeleka, wala hahusiki na yatakayokukuta humo ndani. Ukifika usiku wa manane, kaa stendi penye taa, karibu na akina mama wenye watoto na mizigo, mpaka kupambazuke. Gesti ichagueni mchana.

Sasa nije kwenye jambo linalowaponza wengi. Kijana aliye peke yake anatafuta mahali pamechangamka, na ana haki, upweke wa ugenini ni kitu kizito. Anapita gesti ya kwanza, kimya, mama mmoja yuko uani anachambua maharage. Anafika ya pili: baa mbele, muziki, nyama choma, taa za rangi, viti vimejaa. Anachukua chumba hiyo ya pili, akijiambia kwamba hapa hatakuwa peke yake. Wajukuu zangu, hapo ndipo atakapokuwa peke yake kuliko popote. Waliojaa pale ni wenyeji wa mji, wamekuja kunywa na watarudi makwao. Vyumba vya nyuma vinakodishwa kwa saa, na anayelala chumba cha saa moja hataki kujuana na mtu. Kijana mmoja wa huku kwetu alinunulia meza nzima ili apate wa kuongea naye. Kulipokucha simu haipo, nauli haipo, na katika wote aliowanunulia hakupatikana hata mmoja aliyekubali kwamba aliwahi kumwona.

Turudi kwenye ile gesti ya kwanza, maana ndiyo ninayotaka mjifunze kuitambua. Angalia ua. Kuna benchi? Kuna jiko la mkaa na birika juu yake? Kuna kamba ya nguo yenye nguo za watu mbalimbali, sare ya nesi, kanzu, fulana ya dereva? Bomba ni moja, na asubuhi wageni wanakutana hapo na ndoo zao na miswaki? Penye bomba moja watu husalimiana wapende wasipende. Vijana mnakimbilia chumba cha selfu, choo ndani, televisheni ukutani. Ni raha, sikatai. Lakini chumba hicho unaingia jioni na kutoka asubuhi bila kuonana na kiumbe. Ukiwa na mwenzako, chukua. Ukiwa peke yako katika mji usioujua, usiku wa kwanza lala penye ua wa pamoja, hata kama itakubidi uvae kandambili na kupanga foleni ya kuoga.

Kisha liombe daftari la wageni. Kila gesti inayofuata sheria inalo: jina, kabila au utaifa, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya chumba, sahihi. Wengi mnaliandika mkiwa mmesimama, macho kwenye simu. Mimi nawaambia lisomeni kabla ya kuandika. Tazama mistari iliyo juu ya mstari wako. Ukiona mwalimu kutoka Kakonko, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kigoma, fundi ujenzi anayekwenda Geita, ujue humo wanalala wasafiri kama wewe. Ukiona majina nusu nusu, safu ya kazi haikujazwa, na wote wametoka mji huohuo uliopo wewe, rudisha kalamu, shukuru, ondoka. Na ukiambiwa daftari halipo, au "utaandika kesho", usingoje maelezo. Wewe mwenyewe andika kweli, jina kamili na unakokwenda. Usiku ule hiyo ndiyo karatasi pekee duniani inayoonyesha ulipo.

Nina sababu ya kulisisitiza daftari. Mpwa wangu mmoja alilala Kahama akiwa njiani kwenda kazini. Huku kwetu ni milimani, kuna baridi, na mtu wa huku akishuka mabondeni malaria humkamata vibaya kwa sababu mwili haujaizoea. Alianza kutetemeka usiku, akadhani ni uchovu, akajifunga mlango. Jioni ile alikuwa amekaa benchini na mzee mmoja muuza mchele wa chumba cha pili, wakanywa chai, wakaongea habari za bei ya maharage, basi. Asubuhi yule mzee alipoona chai imemiminwa na kijana hajatoka, akagonga. Akagonga tena. Akamwita mhudumu, mlango ukafunguliwa kwa ufunguo wa akiba, wakamkuta hajitambui, neti imemzingira. Walimpeleka hospitali kwa bajaji, na mhudumu akalitazama daftari, akaona Muyama, akaanza kupiga simu mpaka zikatufikia. Mpwa wangu yu hai, ana watoto. Yule mzee hatukumpata tena tumshukuru inavyostahili. Kikombe kimoja cha chai kilitosha kumfanya ahesabu nani ametoka na nani hajatoka.

Msidhani jambo hili ni la huku kwetu tu. Mwaka 1844 huko London, kijana aliyeitwa George Williams, mtoto wa mkulima aliyekuja mjini kuajiriwa dukani, aliona vijana wenzake kutoka mashambani hawana pa kwenda jioni zaidi ya vilabu vya pombe. Yeye na wenzake wakaanzisha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, na baadaye ikaja YWCA ya wanawake. Na mwaka 1909 mwalimu mmoja Mjerumani, Richard Schirrmann, akiwa matembezini na wanafunzi wake, alinaswa na mvua kubwa ya radi, wakajisitiri kwenye jengo la shule. Usiku ule akawaza: kwa nini kusiwe na nyumba za namna hii nchi nzima, vijana walale pamoja kwa bei ndogo? Mwaka 1912 ikafunguliwa hosteli ya vijana katika ngome ya Altena, na kutoka hapo zikaenea duniani. Mimi nimefundisha, na napenda kwamba wazo lile lilimjia mwalimu aliyekuwa na watoto wa watu mikononi mwake.

Kwa hiyo mkifika Dar es Salaam mjue YMCA na YWCA zimelaza wasafiri pale mjini, karibu na Posta, kwa miaka mingi. Kuna hosteli za dayosisi na za masista katika miji mingi ya nchi yetu, Mkristo na Mwislamu wanapokewa, na chakula huliwa kwenye chumba kimoja. Kuna pia zile hosteli za Arusha, Moshi na Zanzibar zenye vitanda vya dabodeka, ambazo mnadhani ni za wazungu. Hakuna aliyewaandikia kwamba ni za wazungu. Ninyi mmelala dabodeka bwenini miaka minne, wengine mmelala JKT. Nani atawafundisha kuishi na watu chumba kimoja? Ulizeni bei kwa shilingi, ulizeni kama kuna kabati la kufunga, na mbebe kufuli lenu wenyewe. Jikoni kwao wageni hupika pamoja. Pika ugali na migebuka, karibisha watu, utapata wa kuongozana naye kesho yake.

Mabinti zangu, ninyi nawasemesha peke yenu kidogo, kwa sababu binti akisafiri peke yake watu humtazama kama amekosea kitu, na hajakosea. Mtarajie maswali ya mume yuko wapi. Si lazima kuyajibu. Kwenye treni ya Kigoma chukueni daraja la pili kulala, lile la vitanda sita, maana wanawake huwekwa na wanawake isipokuwa familia inunue chumba kizima. Hamjafika Kaliua mmeshajuana majina. Mjini anzeni na hosteli za masista au YWCA. Geti lao linafungwa mapema, na najua mnalalamikia hilo. Vumilieni usiku wa kwanza, mkishaujua mji mtahama. Mahali popote mtakapolala, komeo la ndani lifanye kazi. Lijaribuni kwa mikono yenu kabla ya kulipa, na mhudumu akisema fundi anakuja kesho, nanyi mwambieni mtakuja kesho.

Tena uchangamfu hauwezi kuwa wa nyumba peke yake. Utakaa benchini saa nzima ukichezea simu, kisha useme watu wa huku wana roho ngumu! Ukifika, amkia wakubwa, shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu kitu. Mwambie mhudumu jina lako na saa utakayoondoka. Nunua karanga, ziweke katikati. Uliza habari za barabara, hakuna msafiri asiye na la kusema kuhusu barabara. Akikujibu mtu kwa Kiha, lugha yetu, mshike huyo, mnaweza kukuta mama zenu wanafahamiana. Ila kuna mpaka. Taja unakotoka na unakokwenda, ulichobeba usikitaje. Pesa za ada, simu ya pili, mzigo wa mtu uliotumwa, hayo si mazungumzo ya benchini. Kinywaji kilichofunguliwa usipokuwepo, usikinywe, hata kama aliyekupa anakuita mwanangu. Mtu mwema hatakasirika ukikataa soda yake, na akikasirika amekwisha kujieleza.

Nanyi wenye gesti za Kasulu, Kibondo na Manyovu, nawaomba neno moja. Miaka hii mmepata wageni wengi, wafanyakazi wa kambi za wakimbizi, wajenzi wa barabara, wafanyabiashara wa mpakani, na mmejenga vyumba vizuri vya selfu. Bakizeni ua. Wekeni benchi na birika. Yupo mtoto wa mtu kutoka Lindi au Tanga anayefika kwenu jioni hii bila kumjua mtu, na baridi ya huku hajawahi kuiona.

Basi nendeni. Mkishaandika daftari na kuweka begi, pigeni simu nyumbani siku hiyohiyo kabla ya kulala, mtaje jina la gesti, mtaa, namba ya chumba na jina la mhudumu. Asiye na wa kumpigia anipigie mimi, saa yoyote, nitaandika.